Mahali Ambapo Maji Hayakuanguka

Katika picha ya kwanza palikuwa na mahali ambapo maji hayakuanguka.

Mpiga picha aliliona jambo hilo akiwa studio, asubuhi, kabla hajafungua mlango wa mbele. Maporomoko yote yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta: mwamba mweusi, majani yaliyolowa, na maji yakishuka kutoka juu mpaka kwenye dimbwi. Upande wa kushoto, karibu na mwamba, palikuwa na kipande chembamba, kirefu kama mlango ulioachwa wazi kidogo, ambacho hakikuwa maji wala hakikuwa jiwe. Alikikuza. Kilikuwa na rangi ya majivu. Akafuta kioo kwa kona ya shati, akafuta lenzi ya kamera, kisha akaenda kufungua mlango, kwa sababu mteja wa picha za pasipoti alikuwa amechoka kugonga.

Hakushtuka. Tangu amzike mkewe, mambo mengi yalikuwa yakimpita hivyo hivyo: anayaona, anayaelewa, na hayamgusi.

Picha ile alikuwa ameagizwa na mwenye hoteli mmoja, aliyetaka maporomoko yajae ukuta mzima nyuma ya meza ya mapokezi. Mwenye hoteli alikuwa ameona picha za namna hiyo kwenye kalenda. Alitaka maji yawe kama hariri. Alisisitiza kwamba asiletewe povu la sabuni. Mpiga picha alijua namna ya kufanya. Kamera inasimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, lenzi inavishwa kichujio cheusi ili mwanga uingie kidogo kidogo, halafu mlango wa kamera unaachwa wazi kwa muda mrefu, maji yajichore yenyewe njia yao. Kila kinachosogea kinayeyuka. Kinachobaki ni kile kilichosimama.

Ugumu uko kwenye mwanga. Mwamba mweusi unataka mwanga mwingi, na maji meupe hayataki. Ukiuridhisha mwamba, maji yanaungua na kubaki doa jeupe lisilo na kitu ndani yake. Ukiyaokoa maji, mwamba unageuka mkaa. Anayetaka vyote viwili huenda siku ya mawingu, anapiga, anatazama, anarekebisha, anapiga tena. Ni kazi ya subira, na yeye subira alikuwa nayo tele. Hakuwa na kingine.

Kile kipande cha majivu kilimsumbua kwa sababu moja tu, ya kitaalamu. Kilikuwa kimetoka wazi, kingo zake kali, katikati ya maji yaliyoyeyuka. Kwa hiyo palikuwa na kitu kilichosimama. Na mahali pale hapakuwa na jiwe. Aliyajua maporomoko yale. Yeye na mkewe walikuwa wameyapiga picha tangu siku za uchumba.

Akarudi tena, siku ya mawingu mazito, akaacha mlango wa kamera wazi kwa muda mrefu zaidi. Alipobonyeza kitufe, mshindo wa maji ukakatika. Haukupungua polepole, ulikatika, kama redio iliyochomolewa. Maji yaliendelea kushuka mbele yake, mengi, mazito, bila sauti, na hewa ikawa na harufu ya nguo zilizokaukia kivulini. Mlango wa kamera ulipojifunga, mshindo ukarudi. Alijiambia kwamba ni masikio, kwamba amekuwa halali vizuri, na akafungasha vifaa vyake.

Katika picha ile ya pili, kipande cha majivu kilikuwa na mabega.

Alimpelekea mwenye hoteli hivyo hivyo, ili wazungumze juu ya mwanga tu. Mwenye hoteli aliitazama kwa muda, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bwana, mimi nimeagiza maji," alisema. "Huyu mama naye analala chumba namba ngapi?"

Alicheka peke yake. Mpiga picha aliuliza mama gani. Mwenye hoteli akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa mabega, hapa kichwa, kimelala kidogo upande wa kulia kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Kisha akaagiza mama huyo aondolewe, na maji yaongezewe mwanga, maana yalikuwa bado yamefifia. Mpiga picha alikubali yote. Alikuwa anamjua mtu mmoja tu aliyelaza kichwa namna ile anaposubiri, na alikuwa ameshika mwenyewe upande wa kichwa wakati wa kumlaza kaburini.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye; binti yake wa darasa la tatu; na shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuja wakati wa msiba na hakuondoka tena. Binti aliitwa Kiherehere. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu hata kumchana nywele ilibidi abanwe katikati ya magoti, na hata hapo miguu yake ilikuwa inacheza na mdomo wake unasimulia ya shuleni.

Jioni ile shemeji alimpokea mlangoni akitabasamu kwa wasiwasi. "Shemeji, leo nimemsuka mwanao kichwa kizima bila kumfunga kamba. Hakuguna hata mara moja. Umempa nini?"

Alijibu kwamba mtoto anakua. Binti alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, na miguu yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa inapiga teke ubavu wa meza, ilining'inia imetulia.

Mara ya tatu aliacha kamera wazi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufanya popote. Ukimya ulikuwa mrefu vilevile. Picha ilionyesha shingo, na mstari wa taya, na sikio. Uso ulikuwa bado giza. Ulipungukiwa na mwanga tu. Aliitazama kutwa nzima, studio ikiwa imefungwa, wateja wakigonga na kuondoka, na aliporudi nyumbani alimkuta shemeji amesimama uani, amemshika mtoto kwa mabega, nguo za mtoto zimelowa mpaka magotini.

Shemeji alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na bomba. "Nilikuwa jikoni. Hapo tu. Alifungua bomba akasimama. Ndoo imejaa, imemwagika, imemwagika tena, uani kote maji, na mimi sikusikia kitu. Shemeji, nilitoka nikaona maji yanatoka kwenye bomba. Hayakuwa na sauti."

Walimpeleka mtoto hospitali. Daktari alimgonga magoti kwa kinyundo chake cha mpira, na miguu haikuruka. Akaandika vipimo, vipimo vikarudi vizuri, akasema kwamba huzuni ya watoto wakati mwingine huchelewa kufika. Mpiga picha alimshukuru.

Lakini alikuwa ameshaelewa. Hakuwa mtu wa kuamini mambo haraka. Alikuwa amesoma chuo kikuu, alikuwa amezoea kubadilisha kitu kimoja na kutazama kingine kinafanya nini, na hapa mabadiliko yalikuwa wazi kana kwamba yako kwenye meza ya maabara: kila picha ilipoongezewa mwanga, yule wa majini alipata kitu, na kila alipopata kitu, mtoto alipoteza kitu cha kiasi kile kile. Alilielewa hilo akiwa amekaa kando ya kitanda cha mwanawe, akimtazama amelala chali bila kujigeuza, yeye ambaye zamani alikuwa anaamka miguu ikiwa kwenye mto. Alilielewa kabisa. Na mawingu yaliporudi alichukua stendi, akachukua kichujio cheusi kuliko vyote alivyokuwa navyo, akaenda, kwa sababu uso ulikuwa umebakiza hatua moja tu ya mwanga, na kwa sababu kati ya mambo yote yaliyompita mwaka ule bila kumgusa, lile tu ndilo lililokuwa likimgusa, kwa mbali, kama kidole kwenye mkono uliokufa ganzi.

Siku hiyo uso ulitokea, macho tu yakabaki giza, na binti aliacha kula. Akilishwa alimeza, asipolishwa alikaa tu.

Shemeji ndiye aliyezikuta picha, alipofika studio kumwita. Hakupiga kelele. Alivuta kiti cha wateja, akaketi mbele ya kompyuta, akaweka kiganja mdomoni.

"Dada," alisema. "Umempata wapi?"

"Kwenye maji."

"Na Kiherehere anakwenda wapi?"

Shemeji aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka, na aliporudi nyumbani jioni alikuwa na mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mkoba wa ngozi na simu iliyoita mara kwa mara. Aliomba chai isiyo na sukari; alieleza kwamba sukari yake iko juu, na kwamba hao anaowatoa kwenye nyumba za watu hawajawahi kumsaidia katika hilo. Alimtazama mtoto, akamnusa nywele, akamwinua mkono na kuuachia. Mkono ulibaki hewani. Mganga aliushusha mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu, na tangu hapo hakutania tena mpaka alipomaliza kazi ya maswali.

Alitaka kuelezwa jinsi picha zinavyopigwa, bila kuruka kitu. Mpiga picha alieleza. Stendi, kichujio, waya mrefu wenye kitufe ili mkono usiiguse kamera. Mganga akauliza mwanga unaingilia wapi. Akajibiwa, kwa mbele, kwenye lenzi.

"Pengine hapaingii?"

Alifungua mdomo kusema hapaingii, na hapo ndipo alipokumbuka.

Kamera ile ina kidirisha kidogo nyuma, cha kuchungulia. Katika picha za kawaida jicho la mpiga picha ndilo linalokiziba. Katika picha za muda mrefu mpiga picha anasimama pembeni, kidirisha kinabaki wazi, na mwanga wa nyuma unapenya na kumwagika juu ya picha. Ni lazima kifunikwe. Ni somo la mwanzo kabisa, wanafunzi wanafundishwa siku ya kwanza. Yeye hakuwahi kukifunika, miaka yote, kwa kuwa haikuwa kazi yake. Ilikuwa kazi ya mkewe. Alikuwa anasimama nyuma yake, amekandamiza kitambaa cheusi kwenye kidirisha kwa mkono wa kushoto, kichwa kimelala upande, akisubiri kuambiwa kwamba tayari. Tangu afe, mumewe alikuwa amekwenda peke yake na hakuwa amekifikiria kitambaa hata mara moja.

Aliyaeleza haya kwa sauti ile ile aliyoelezea kichujio.

"Kwa hiyo huyu hayumo majini," mganga alisema.

"Hayumo. Ameingia kwa nyuma."

Shemeji alijivuta karibu na ukuta. Hakuna aliyetaka kugeuka.

"Alikuwa amesimama nyuma yangu," mpiga picha alisema.

Mganga alimwambia kwamba yule si mkewe. Amekuta nafasi ya mtu iko tupu na haijafungwa, akasimama. Hana sura, hana sauti, hana mwendo. Anavitafuta kwa walio karibu, na anayemfungulia njia ni yule anayemtamani. Akaeleza la kufanya. Warudi pale pale. Mtoto asimame nyuma, mahali pa mama yake, azibe kidirisha kwa kiganja chake, kwa kuwa nafasi ile ni haki yake. Baba afungue kamera na asiifunge mpaka picha iungue yote, ibaki nyeupe, pasiwe na mahali pa mtu kukaa.

"Atakwambia ufunge," alisema. "Atakwambia pale pale panapokuwa pazuri. Wewe unajua panapokuwa pazuri?"

"Najua."

"Basi pitiliza. Na usitulie. Huyo anapenda kilichotulia. Tikisa mguu, ongea, imba."

"Sauti ya kuimba sina."

"Atakayeumia masikio ni yeye. Imba."

Walikwenda asubuhi ya mawingu. Mtoto alitembea alipovutwa na kusimama alipoachwa. Shemeji na mganga walibaki kwenye majani, chini kidogo. Mpiga picha alisimamisha stendi juu ya mwamba, akalinganisha kila kitu, akamsimamisha binti nyuma yake, akamshika kiganja na kukiweka kwenye kidirisha. Kiganja kilikuwa baridi kama chombo. Kilikaa kilipowekwa.

Akabonyeza kitufe na kukishikilia. Mshindo ukakatika.

Alitikisa mguu kama alivyoagizwa. Kuimba kulimshinda, akaanza kuongea, na kwa kuwa hakujua aongee nini akawa anataja kazi zilizokuwa zinamsubiri studio: harusi ya binti wa fundi bomba, picha za vitambulisho za kiwanda cha mabati, fremu iliyovunjika kioo. Sauti yake haikwenda mbali. Iliishia mbele ya midomo yake. Ikaja harufu ya nguo zilizokaukia kivulini, kisha harufu hiyo ikapungua na chini yake ikatokea nyingine, mafuta ya mgando aliyokuwa akijipaka mkewe viganjani kila baada ya kuosha vyombo, na kwenye bega lake la kulia, bila uzito, mtu akasogeza kichwa.

Aliendelea kutaja kazi. Alijua mwanga ulipofika, kama mpishi anavyojua wali umeiva bila kufunua sufuria; alijua kwamba wakati huo, ndani ya kamera, mwamba na maji vilikuwa sawa, kila kivuli kina kitu ndani yake, kila weupe bado ni maji, picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, na kwamba uso ulikuwa umekamilika humo.

"Sasa," sauti ilisema. "Funga."

Haikuwa ile sauti ya hospitali, iliyokwaruza, aliyoizoea mwishoni. Ilikuwa ya kabla ya ugonjwa. Alikuwa ameisahau, na hakuwa anajua kwamba ameisahau, na sasa alipoisikia alielewa kwamba kwa mwaka mzima alichokuwa akikikumbuka ni sauti ya mgonjwa, na kwamba hii yenyewe, ya jikoni, ya barabarani, ya kwenye simu, angeweza kuwa nayo kama angeondoa kidole tu, kidole kimoja, jambo dogo kuliko kuzima taa, na nyuma yake mtoto wao alikuwa amesimama na kiganja chake baridi kwenye kidirisha bila kupumua kwa namna inayosikika, na hakuondoa kidole, aliendelea kutaja fremu na vitambulisho na harusi, na mguu wake uliendelea kugonga mwamba.

"Imetosha, mume wangu. Ukiendelea nitaungua."

Aliendelea.

"Basi tulia," ikasema, kwa upole, na kwa uchovu kidogo, kama mtu aliyeshindwa hoja. "Unatikisa kamera."

Mkewe alikuwa amemwambia hivyo katika kila picha ya muda mrefu waliyowahi kupiga. Mguu ukasimama. Hakuamua. Ni mwili uliofanya, mwili wa mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote: magoti yalijifunga, mabega yakashuka, pumzi ikakaa kifuani, na akasimama kama anavyosimama mpiga picha hodari wakati mlango wa kamera uko wazi, bila kutikisa hata ukope, kidole kikiwa kimekandamiza kitufe, picha ikiungua.

Ni mtoto aliyesema.

"Baba, mkono unaniuma." Mshindo wa maji ukarudi wote kwa pamoja. "Na nina njaa. Na mama mdogo amekaa kwenye majani mabichi, gauni lake litaharibika, mwambie ainuke."

Shemeji aliinuka na kukimbia, akambeba Kiherehere ingawa alikuwa mkubwa mno wa kubebwa, na Kiherehere akalalamika kwamba anabanwa. Mganga alipanda taratibu, akahema, akaomba aonyeshwe picha. Ilikuwa nyeupe kama karatasi. Hapakuwa na mwamba, hapakuwa na maji, hapakuwa na mtu. Mganga akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha akamtazama yeye.

"Hukutulia?"

"Sikutulia," alisema. Alikuwa ametulia mwishoni tu, picha ikiwa imebakiza kidogo kuungua yote, na mtoto alikuwa amepona. Hakuona haja ya kuifanya habari.

Wiki zilizofuata nyumba ilijaa maneno. Kiherehere alisimulia, alimwaga, alivunja, aliadhibiwa, alisahau. Shemeji alianza tena kucheka jikoni. Mpiga picha alifanya kazi vizuri. Wateja waliona kwamba mkono wake umekuwa imara ajabu. Siku moja alirudi kwenye maporomoko kumalizia kazi ya mwenye hoteli, na alipofika akagundua kwamba stendi ameiacha nyumbani, akaipiga ile picha kwa mikono mitupu, kamera wazi muda wote uliotakiwa, na picha ikatoka bila kutikisika hata jani. Maji yalikuwa hariri. Mwenye hoteli aliitundika nyuma ya meza ya mapokezi na kumsifu kwa kila aliyeingia.

Jioni moja wakiwa mezani, Kiherehere aliacha habari ya mwalimu wao wa hesabu katikati, akateremka kwenye kiti, akaja kumwegemea baba yake kifuani. Aliweka sikio. Alikaa hivyo. Kisha akahamisha sikio upande mwingine, na akakaa tena, kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kukaa mahali popote.

"Baba," alisema polepole. "Huku ndani kumenyamaza."

Shemeji aliacha kupakua. Mpiga picha alimtazama mwanawe, akaona jinsi macho yake yalivyokuwa yanabadilika, na akajua kwamba sasa inampasa aogope, kwa ajili yake kama si kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Akausubiri woga. Alikuwa hodari wa kusubiri. Haukuja.

Kiherehere alirudi nyuma bila kumpa mgongo. Alikishika kiti chake, akakivuta kuzunguka meza yote, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka upande wa mama mdogo. Akaketi. Akaendelea kula kwa mkono mmoja, macho yake kwa baba yake, na kwa mkono wa pili akawa ameshika gauni la mama mdogo.